Utangulizi: Kuitazama Ngozi Nyeusi

Wanafunzi wengi wa tiba huyadharau magonjwa ya ngozi kwa sababu yanaonekana wazi. Moyo na figo vimejificha, lakini baka la shavuni kila apitaye analiona, na kila aliyeliona ana dawa ya kukuelekeza. Jirani atakwambia upake ndimu, muuza duka atakupa tyubu. Kurasa zinazofuata zinakuomba, kabla ya tyubu, utulie na kutazama: alama iko wapi, inawasha saa ngapi, na nani mwingine nyumbani anajikuna?

Mwanzoni mwa karne ya 19, Robert Willan, daktari wa London, aliyapanga magonjwa haya kwa sura ya alama zake: kipele, lengelenge, gamba, baka, kijipu cha usaha. Mpango huo tunautumia hadi leo, na ni mzuri. Ila alama zilielezwa zikiwa juu ya ngozi nyeupe, na vitabu vikazoea kuandika kwamba kila palipowaka ni “pekundu”. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi huwa zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Ukishapoa, huacha doa jeusi la miezi kadhaa, ambalo mgonjwa hulichukua kuwa ndio ugonjwa wenyewe na kuendelea kulipaka dawa. Mwaka 2020 Malone Mukwende, wakati huo mwanafunzi wa udaktari London, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu cha picha, Mind the Gap, kinachoonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi. Huku kwetu kazi ilikuwa imeshaanza: tangu 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kinawaandaa matabibu wa nchi nyingi za Afrika.

Tuanze na upele, maana ndio unaotibiwa vibaya kuliko yote. Chanzo chake ni utitiri usioonekana kwa urahisi kwa macho, ambao jike lake huchimba ndani ya ngozi na kutaga humo. Muwasho hupamba moto usiku. Tazama katikati ya vidole, viungo vya mikono, kitovu, makalio na, kwa wanaume, sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga usisahau viganja, nyayo na kichwa. Anayeambukizwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anawaambukiza wenziwe. Kwa hiyo kumtibu anayejikuna peke yake ni kupoteza dawa. Nyumba nzima ipakwe siku moja, mwili mzima kuanzia shingoni kushuka (mtoto mchanga na kichwani pia), shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto, na dawa irudiwe kama tabibu atakavyoelekeza. Muwasho unaweza kubaki wiki kadhaa hata utitiri ukiwa umekufa. Asikudanganye mtu kwamba dawa imeshindwa.

Fangasi wana tabia nyingine. Choa hutambaa kwa duara, pembeni pameinuka na pana magamba, katikati pameanza kupona. Mapunye hukata nywele za watoto na kuacha vipara vyenye magamba. Krimu peke yake haiyamalizi, kwa kuwa fangasi wamo ndani ya unywele wenyewe, hivyo mtoto anahitaji dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa. Mba wa kifuani na mgongoni ni madoa mepesi, wakati mwingine meusi, na si dalili ya uchafu hata kidogo.

Ukurutu hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, mara nyingi katika ukoo wenye pumu. Huu ndio unaostahili krimu ya steroidi, kwa kipimo. Balaa ni kwamba krimu hiyohiyo huuziwa mwenye choa: muwasho unapungua, ukingo wa duara unafifia, naye anashukuru, huku fangasi wakienea chini kwa chini. Nadhani hakuna tyubu iliyotuvurugia utambuzi kuliko hiyo.

Limebaki baka moja lisilowasha wala kuuma, na ndiyo maana hupuuzwa. Likiwa jepesi kuliko ngozi inayolizunguka, au na rangi ya shaba, mwambie mgonjwa afumbe macho, umguse hapo kwa ncha ya pamba. Asipohisi, hofia ukoma. Bakteria wake walitambuliwa na Hansen, nchini Norwei, mwaka 1873, na dalili zinaweza kuchelewa miaka 5 au zaidi baada ya maambukizi. Unatibika kwa vidonge vya miezi 6 au 12, na vidonge hivyo hutolewa bure. Mpeleke zahanati wiki hii, kabla vidole havijakufa ganzi.