Kiti cha Enzi na Mwarobaini wa Shamba

Katika nyumba za kale za Waswahili palikuwapo kiti ambacho hakikukaliwa ovyo. Ni kiti cha enzi, alichowekewa mgeni wa heshima au mkuu wa mji. Mafundi wa Lamu, Pate na Siyu walivitengeneza viti hivyo katika karne ya 19 kwa mti mgumu wenye rangi ya kiza, wakavipamba kwa vipande vya pembe za ndovu au mifupa, na mahali pa kukalia wakapafuma kwa kamba nyembamba za pamba. Viungo vyake havikutegemea misumari: ulimi wa mti huingia katika tundu, hata kiti chaweza kufunguliwa na kuungwa tena.

Ajabu ni kwamba mafundi wa China, ambao viti vyao vya kale vyauzwa leo kwa fedha nyingi mno, walifuata njia iyo hiyo. Na shida iliyowapata ni hiyo hiyo: miti yao bora iliadimika. Mwaka 2000 China ilipoandika orodha ya miti yake teule ya samani, mpingo wa Afrika ulikuwa miongoni mwake.

Habari hii yawagusa watu wa Changamwe, kwa kuwa huko kipo chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba, kilichoanzishwa mwaka 1963. Kazi yenyewe ililetwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918. Wachongaji walianza na mpingo. Ulipoadimika wakageukia muhugu. Nao ukakatwa hata ukawa haba. Mpingo huhitaji miaka 70 au zaidi kabla ya kukatwa, basi aupandaye leo humpandia mjukuu. Tena tangu Januari 2017 mbao zake haziuzwi nchi za nje ila kwa kibali.

Ndipo walipoutazama mwarobaini, ambao wengi waliujua kwa majani yake machungu ya dawa tu. Hukua upesi, mchwa hawaupendi, na mkulima wa Pwani aweza kuwauzia wachongaji gogo lake badala ya kulichoma makaa. Kweli, haung'ai kama mpingo. Lakini mpingo uko wapi?

Kasoro yake ni haraka ya watu. Mti mbichi ukikaushwa juani, kinyago hupata ufa, na ulimi wa kiti hulegea katika tundu lake. Fundi makini huukausha polepole kivulini, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni.