Mukojo Unapouma: Majani ao Labo?

Kuna ugonjwa ambao watu wa kanisa wanaogopa kuutaja hata kati ya mume na muke: kuumwa wakati wa kukojoa. Kwa ajili ya haya, wengi wanakimbilia kwanza majani na mizizi ya soko. Je, ni vibaya?

Majani si zambi. Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mufalme Hezekia (2 Wafalme 20:7). Mama zetu wanachemsha ndevu za mahindi, na mugonjwa anakojoa sana. Muchimbaji aliyeshinda ku kariere juani bila kunywa, mukojo wake unakuwa muzito na unamuchoma. Chai ile inamusaidia. Lakini tujue kwamba sehemu kubwa ya dawa hiyo ni maji yenyewe.

Hatari iko wapi?

Maumivu yanafanana, magonjwa ni mbalimbali. Kuna sopisi, ugonjwa wa uzinzi. Kuna mikrobe inayoshika hata muke muaminifu, kwa kuwa njia yake ya mukojo ni fupi. Basi mume asimuhukumu mbio. Kuna bilarzi: ile ya Katanga inatoa damu ku mukojo, lakini ile ya eneo letu la Kisangani, daktari Fisher aliyoiandika mwaka 1934, mayai yake yanatoka ku mavi. Nani atazitambua bila mikroskopi?

Wengine wanakunywa mizizi ya mupaipai kwa sopisi. Maumivu yanaweza kupungua, mutu anasema: « Nimepona », kumbe ugonjwa uko ndani. Anarudi kutoka kariere, anaambukiza muke. Kisha wanakosa mutoto, na ni mama anayeitwa tasa!

Ufanye nini?

Ukiona homa, maumivu ya mugongo, damu ao usaha, usingoje. Mama mwenye mimba asingoje hata siku moja, na asinywe mizizi. Nenda ku kituo cha afya, wapime mukojo. Mwambie munganga majani uliyokunywa. Kama ni sopisi, mume na muke watibiwe pamoja na wamalize dawa yote.

Vijana, haya isiwaue. Yule mwanamuke aliyetokwa damu miaka 12 alikuja akitetemeka, lakini alimwambia Yesu kweli yote (Marko 5:33). Hakufukuzwa. Alirudi na amani.