Nyumba namba 20 ina majirani wabaya

Desemba 2025, daktari wa mifugo kutoka Kenya, David Munyua, alipanda jukwaa la Alexandra Palace jijini London akiwa Mkenya wa kwanza kucheza mashindano ya dunia ya vishale ya PDC. Mpinzani wake, Mike De Decker wa Ubelgiji, alitangulia kwa seti mbili bila. Munyua akazisawazisha zote mbili, akaongeza ya tatu, mechi ikaisha 3-2. Raundi iliyofuata alitolewa, ila kufikia hapo jina lake lilishazunguka dunia.

Swali linalobaki baada ya ushindi wa namna hiyo ni la darasani zaidi kuliko la uwanjani. Mtoto anayeogopa hesabu, anaweza kufundishwa na ubao ambao kwa kawaida hutundikwa baa?

Kanuni za mchezo hazitakula nafasi hapa. Unaanza na 501, unarusha vishale vitatu kwa zamu, unatoa ulichopata, na lazima ufike sifuri kamili kwa kishale kilichoingia ukanda wa nje, ule unaozidisha namba mara mbili, au kwenye kitovu chenyewe, chenye 50. Ukanda mwembamba wa katikati huzidisha mara tatu. Yatosha.

Mtazame mtoto wa darasa la sita aliyebakiwa na 76. Analenga 20 ya mara tatu, maana 76 toa 60 ni 16, na 16 humalizwa na 8 ya mara mbili. Kishale kinatua kwenye 20 ya kawaida. Sasa ni 56. Akipata 16 atabaki na 40, yaani 20 ya mara mbili. Anarusha, kinaangukia 8. Sasa ni 48, ana kishale kimoja, na hakuna kishale kimoja kinachoweza kumaliza 48. Wengi hapo hurusha kukamilisha zamu tu. Mwenye akili hulenga waya unaotenganisha 16 na 8. Kikienda huku anabaki na 32, kikienda kule anabaki na 40, na zote mbili zinagawanyika kwa mbili. Amefanya kutoa mara kadhaa na kugawanya mara kadhaa katika muda usiofika dakika, mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia afungue ukurasa wa 43.

Hiyo 32 wachezaji wanaipenda kwa sababu yake. Unaimaliza kwa 16 ya mara mbili. Ukikosea kidogo kwa ndani ukapata 16 ya kawaida, unabaki na 16, unakwenda 8 ya mara mbili. Ukikosea tena vilevile unabaki na 8, kisha 4, kisha 2. Mara nne mfululizo kosa linakupa nafasi nyingine bila kukuvurugia hesabu. Linganisha na 38: ukikosea 19 ya mara mbili kwa ndani unabaki na 19, namba witiri, na inabidi utumie kishale kizima kuirekebisha.

Utamu wenyewe, hata hivyo, uko kwenye mpangilio wa namba, na hapo ndipo makala haya yatakapokaa kitako.

Kutoka juu kwenda kulia ubao unasomeka hivi: 20, 1, 18, 4, 13, 6, 10, 15, 2, 17, 3, 19, 7, 16, 8, 11, 14, 9, 12, 5. Husimuliwa kwamba aliyeupanga ni seremala wa Lancashire aitwaye Brian Gamlin, mwaka 1896, ingawa ushahidi wake ni mwembamba. Awe nani, alikuwa na roho ya kwa nini. Chukua tofauti ya kila namba na jirani yake, zijumlishe zote kuzunguka duara, utapata 198. Kwa namba 1 hadi 20, jumla kubwa kuliko zote inayowezekana ni 200. Kuna njia zaidi ya trilioni 121,000 za kuzipanga namba hizo kwenye duara, na huyu bwana akachagua moja iliyobakiza mbili tu kufika kilele cha ukatili.

Fikiria mtaa wa duara wenye nyumba 20. Kila nyumba inapika maandazi, na namba iliyo mlangoni ndiyo idadi ya maandazi atakayopewa mgeni akibisha hodi. Mchana kweupe hakuna mjadala, kila mtu ataenda namba 20. Ila umeme umekatika, mgeni anaona giza, na miguu yake haimtii. Akikusudia namba 20 huenda akagonga kwa jirani wa kulia, anayetoa andazi 1, au kwa jirani wa kushoto, anayetoa 5. Ikiwa milango hiyo mitatu ina nafasi sawa ya kugongwa, atapata wastani usiofika maandazi 9. Akikusudia namba 19 majirani ni 3 na 7, na wastani unapanda hadi karibu 10. Sasa mtazame maskini wa namba 7, ambaye hakuna anayemtembelea kwa hiari. Kushoto na kulia amebanwa na matajiri wawili, 19 na 16. Mgeni asiyeona vizuri akimkusudia yeye atapata wastani wa maandazi 14.

Giza likizidi, mgeni anaweza kupotea nyumba mbili kila upande. Hesabu upya, nyumba tano tano. Kwa namba 20 jumla ni 12, 5, 20, 1 na 18, yaani 56. Kwa namba 7 ni 53, kwa hiyo maskini yule ameishiwa bahati. Kwa namba 19 ni 62. Giza likiwa totoro kabisa, hata usijue uko upande gani wa mtaa, kila nyumba ni sawa na nyingine na wastani ni 10.5. Kwa maneno mengine, mtaa mzuri wa kuhamia hautegemei namba za milango peke yake. Unategemea giza lako ni zito kiasi gani.

Mwaka 2011 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Ryan Tibshirani, Andrew Price na Jonathan Taylor, walilichukua swali hilohilo wakalifanyia hesabu kamili, na mikanda ya mara mbili na mara tatu ikiwemo. Walitaka kujua mtu alenge wapi ili apate alama nyingi, kulingana na jinsi mkono wake unavyosambaza vishale. Usambazaji huo waliupima kwa milimita, kwa kipimo ambacho wanatakwimu hukiandika kwa herufi ya Kigiriki, sigma.

Hapa Kiswahili kinataka neno, na maneno yaliyo karibu yote yana matatizo. Ukisema “mchepuko sanifu” uko sahihi kikamusi, lakini mwalimu wa Tanzania atakayesimama mbele ya kidato cha tatu na kutangaza kwamba leo kila mmoja atapimwa mchepuko wake hatamaliza kipindi, maana mtaani mchepuko ni hawara. “Mkengeuko” una harufu ya dhambi. “Mtawanyiko” ni neno safi, ila linavieleza vishale na kuuacha mkono. Makala haya yanapendekeza “mpepesuko”, kutoka kupepesuka, kama apepesukavyo mtoto anayejifunza kutembea. Atakayelalamika kwamba neno hilo linakumbusha walevi, akumbuke mchezo huu umelelewa wapi.

Basi, mpepesuko. Mchezaji mwenye mpepesuko mdogo alenge 20 ya mara tatu kama wanavyofanya mabingwa kwenye televisheni. Ukivuka takriban milimita 16.4, mahali bora panaruka ghafla hadi kwenye 19 ya mara tatu, upande wa chini. Ukizidi kukua, mahali hapo panaanza kujikunja kuelekea katikati ya ubao, mpaka panatulia karibu na kitovu, chini kidogo na kushoto kidogo, upande ule wenye 7, 16, 8 na 11. Ukiwa na rula utaona jambo jingine la kupendeza. Lango la 20 ya mara tatu lina upana wa milimita 32 hivi, na theluthi mbili ya vishale huanguka ndani ya mpepesuko mmoja kushoto au kulia. Ile 16.4 iko karibu kabisa na nusu ya lango. Watafiti wawili kati ya hao walirusha vishale 100 kila mmoja wakilenga kitovu. Mmoja alitoka na mpepesuko wa milimita 65 hivi, mwenzake 27. Kwa hesabu yao wenyewe, hakuna kati yao aliyekuwa na haki ya kulenga 20.



Kuupima mpepesuko hakuhitaji kompyuta. Rusha vishale 30 ukilenga kitovu, pima kwa rula kila kimoja kimekwenda milimita ngapi kushoto au kulia, tafuta wastani, kisha zidisha kwa 1.25. Mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza hesabu hiyo, na atakuwa amegusa desimali, wastani na takwimu bila kuambiwa kwamba amezigusa.

Na hapa kujiamini kunaingia kwa mlango wa pembeni. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hulishwa na vyanzo kadhaa, na chenye nguvu kuliko vyote ni kuwahi kufanya jambo lenyewe na kulifaulu. Sifa za mwalimu zinafuata nyuma. Mtoto ambaye Januari mpepesuko wake ulikuwa 60 na Machi ni 48 hahitaji kutiwa moyo na mtu, daftari linamwambia. Akishindwa na rafiki yake mwenye 35 bado ameshinda kitu. Isitoshe ubao hautoi vyeti vya huruma. Unamjibu papo hapo, kila kishale, na kosa la kishale hiki linasahihishwa na kishale kijacho, haliandikwi kwa wino mwekundu likasomwa na baba jioni.

Uingereza wameyageuza mafunzo ya vishale kwa watoto kuwa utaratibu. Kuna shirika la vishale la vijana, Junior Darts Corporation, linalohudumia wachezaji wa miaka 10 hadi 18 kupitia vituo vya mafunzo. Luke Littler alikulia kwenye kituo cha namna hiyo mjini St Helens. Januari 2024, akiwa na miaka 16, alifika fainali ya dunia akafungwa na Luke Humphries. Januari 2025, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 18, alimshinda Michael van Gerwen 7-3 na kuwa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote. Kijana anayetoa 141 kutoka 501 kichwani mbele ya maelfu wanaoimba ni tangazo la hesabu ambalo wizara yoyote ya elimu ingelilipia.

Je, hesabu ya ubaoni huhamia darasani? Jibu la Recife, Brazili, ni kwamba si lazima. Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha mwaka 1985 utafiti wa watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Sokoni walipatia asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu zilezile kwenye karatasi, tupu bila nazi wala mnunuzi, walipatia asilimia 37. Kwa hiyo mwalimu aandike ubaoni kwa chaki kile mtoto alichokifanya kwa mkono, huenda mambo yakaenda.

Limebaki jambo moja ambalo Mwafrika Mashariki hapaswi kuliachia Uingereza. Mbao nzuri za vishale si za mbao. Ni katani, nyuzi za mkonge zilizogandamizwa kwa nguvu kubwa huku ncha zake zikimtazama mchezaji, ndiyo maana kishale kinapochomolewa tundu hujifunga lenyewe. Mkonge uliingia pwani ya Tanganyika mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Leo mbao nyingi za hadhi hutangaza kwenye boksi kwamba ni za katani ya Afrika, na zipo zilizoandikwa kwamba zimetengenezwa Kenya. Zinapita bandarini, zinakwenda kuwafundisha watoto wa Lancashire kutoa na kugawanya, na huku kwetu zinazobaki zinatundikwa mahali ambapo mtoto haruhusiwi kuingia.

Vishale ni mchezo unaojulikana Tanzania na Kenya, una vyama na una mabingwa. Kinachokosekana ni ubao shuleni. Mwalimu atakayejaribu aweke kitovu mita 1.73 kutoka sakafuni na achore mstari wa kurushia mita 2.37 kutoka uso wa ubao. Wadogo wapewe ubao wa sumaku usiochoma mtu, na mstari usogezwe karibu. Kisha anunue daftari moja la mistari, aandike jina la kila mtoto, tarehe, na mpepesuko wake kwa milimita.