Prostati: somo nililoliruka darasani



Kwenye mkutano wetu wa mwisho kuna walioona kwamba nilikaa karibu na mlango, najipepea na karatasi ya ajenda wakati wengine wamevaa makoti. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, uko na malaria?" Nikamjibu ndiyo. Ilikuwa uongo. Niko na kansere ya prostati, huu ni mwaka wa nne, na ule moto uliokuwa unanipanda usoni ulitoka kwenye matibabu, mbu hakuhusika. Nimeomba nafasi hii nirekebishe ule uongo. Pia nataka kueleza matibabu yenyewe, maana nimeona wanaume wengi wa kwetu wanavumilia ugonjwa lakini wanakimbia matibabu. Wanakimbia kwa sababu hakuna anayewaambia mapema yatachukua nini na yataacha nini.

Nianze na kosa langu. Nilifundisha biolojia miaka 29. Kila mwaka nilichora ubaoni viungo vya uzazi vya mwanaume, prostati naiandika pembeni na mshale wake, na wanafunzi wa nyuma wakianza kucheka, narudi mbio kwenye figo. Sikumbuki hata mara moja nilieleza inafanya kazi gani. Basi tulifanye leo lile somo.

Prostati, ambayo Watanzania wanaiita tezi dume, ni kiungo kidogo kama ndimu ndogo. Iko chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa mwisho, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya yale maji yanayobeba mbegu za kiume. Kila mwanaume anayo. Kwa hiyo tunaposema pale sokoni "fulani alikufa na prostate", ni kama kusema alikufa na ini. Kuna mambo mawili tofauti yanayochanganywa. La kwanza ni kuvimba kwa uzee: prostati inakua, inabana njia ya mkojo, mkojo unatoka kwa kukatika-katika. Hiyo inasumbua sana lakini siyo kansere. La pili ndilo kansere, na mara nyingi inaanzia upande wa nje wa prostati, mbali na njia ya mkojo. Ndiyo maana inaweza kukaa miaka bila kubana kitu chochote, na mtu akaendelea kupanda ngazi za Nyamugo na gunia lake bila kujua.

Mimi nilikuwa na yote mawili. Nilikuwa naamka usiku mara tano, mara sita. Mwenye kuishi kwenye nyumba yenye choo ndani hataelewa maana yake. Kwetu choo kiko nje, tunagawana na nyumba tatu, kimeshikwa na kilima, na saa nane ya usiku Kadutu siyo mahali pa kutembea ovyo. Nikaanza kutumia bido ya lita tano chini ya kitanda. Bibi yangu akanyamaza, mimi nikanyamaza. Dispensari moja ilinipa dawa za infeksyo miezi saba mfululizo, bila mtu hata mmoja kuniuliza umri wangu au kunipima. Nami sikuuliza. Mgongo ulipoanza kuuma nikasema ni mifuko ya sementi niliyobeba wakati wa kutengeneza ukuta.

Mwishowe nilipelekwa kwa daktari wa njia za mkojo. Mlango unafunguka, nakuta ni mwanafunzi wangu wa zamani. Wote wawili tukaangalia chini. Kile kipimo cha kidole ndicho kinachowafanya wanaume wengi warudi nyumbani kabla hawajafika hospitali, kwa hiyo nitasema wazi. Daktari anavaa kinga, anaingiza kidole kimoja nyuma, anagusa prostati kupitia ukuta wa utumbo. Ikiwa laini, hiyo ni dalili nzuri. Ikiwa ngumu kama jiwe, au ina vinundu, anaanza kuwa na mashaka. Kinachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Hakiumi, kinaaibisha tu, na aibu yenyewe ilinipita kabla sijafika barabara kuu.

Kuna pia kipimo cha damu, PSA. Ni protini inayotengenezwa na prostati. Wengi wanatumia 4 kama mpaka, lakini namba peke yake haitoshi: infeksyo inaipandisha, sonda ya mkojo inaipandisha, uzee pia. Yangu ilikuwa 86. Baada ya hapo ni biopsi: wanachukua vipande vidogo kwa sindano na kuviangalia kwa mikroskopi. Hiyo ndiyo inayosema kama ni kansere na kama ni kali. Majibu yangu yalichukua majuma matano, na picha ya mgongo ikaonyesha kwamba zile mifuko za sementi hazikuwa na hatia. Kansere ilikuwa imefika kwenye mifupa.

Kizazi changu kilijifunza neno hili kwa redio. Agosti 1996 Marshal Mobutu alipasuliwa huko Lausanne, Uswisi, kwa kansere ya prostati. Akabaki Ulaya miezi, habari zinafika kwetu vipande vipande, na wakati huo vita ikaanza huku kwetu. Bukavu ikaanguka mwisho wa Oktoba. Alikufa Rabat tarehe 7 Septemba 1997, hajatimiza miaka 67. Nadhani ndipo ilipoingia katika vichwa vyetu kwamba prostati ni kifo, na ni siri ya wakubwa. Lakini mwaka huohuo wa 1997 Askofu Desmond Tutu wa Afrika ya Kusini aligunduliwa na kansere ileile, akaisema wazi, akaishi nayo miaka 24, akafa 2021 akiwa na miaka 90. Mandela naye, mwaka 2001, watu waliambiwa waziwazi kwamba amepatikana nayo na kwamba atapigwa mionzi majuma saba. Alikuwa na miaka 83, akaishi mpaka 95. Sisemi kwamba kusema ndiko kulikowaponya. Walikuwa na hospitali ambazo sisi hatuna, na kansere zao hazikuwa za namna moja na ya Mobutu. Ila sisi tulisikia ile habari moja tu.

Sasa matibabu. Kama kansere bado imefungiwa ndani ya prostati, kuna njia mbili kubwa: kuiondoa prostati yote, au kuipiga mionzi. Zote mbili zinaweza kuponya kabisa. Zote mbili zinaweza kuacha shida ya kusimamisha uume, na upasuaji unaweza kuacha mkojo unaovuja kwa muda, wakati mwingine moja kwa moja. Mashine ya mionzi hatuna Bukavu. Ya karibu iko Kigali, hospitali ya kijeshi ya Kanombe, ambako mionzi ilianza 2019. Na mionzi inatolewa karibu kila siku kwa majuma kadhaa, kwa hiyo weka pia nyumba ya kulala na chakula ng'ambo ya Ruzizi. Huko Uganda, mwaka 2016, mashine yao moja tu iliharibika na nchi nzima ikakaa bila. Mashine moja kwa nchi moja, hata ikiwepo, ni kama daraja la kamba.

Kansere ikishatoka nje ya prostati, kama yangu, njia inabadilika. Hapa ndipo watu wanapokimbia, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kansere hii inakula homoni ya kiume, testosteroni. Mwaka 1941 kule Chicago, daktari Charles Huggins alionyesha kwamba ukiiondoa ile homoni, kansere inanywea, hata ile iliyo kwenye mifupa. Alipewa Tuzo ya Nobel 1966. Testosteroni karibu yote inatoka kwenye korodani. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuinyima kansere chakula: sindano inayozima korodani, kila mwezi au kila miezi mitatu, maisha yote, au kutoa korodani mara moja.

Daktari wangu alitia kalamu mezani, akasema: "Mwalimu, hii maneno iko ngumu, lakini nitakuambia yote." Akaniambia yote kweli. Ni upasuaji mdogo, unaweza kurudi nyumbani siku ileile au kesho yake. Mfuko wenyewe unabaki. Sauti haigeuki kuwa ya mwanamke, hilo niliuliza mara mbili. Hamu ya tendo la ndoa itaisha, au karibu kuisha, na uume kwa wengi hautasimama tena. Joto litakupanda. Utachoka, utanenepa tumbo, mifupa itapungua nguvu. Na maumivu ya mgongo yatapungua, pengine ndani ya majuma machache. Akasema pia kwamba haitaponya: itailaza kansere, miaka kadhaa, kisha kwa wengi inajifunza kuishi bila ile homoni, na hapo kuna dawa nyingine, kama abirateroni, ambayo OMS iliiweka kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2019. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye farmasi ya Kadutu ni mambo mawili, hilo tunalijua wote.

Niliomba siku tatu. Siku ya kwanza sikumwambia mtu. Siku ya pili nilimwambia bibi yangu, gizani, taa imezimwa. Nilidhani atalia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Na mgongo utaacha kukuuma?" Nikasema inaonekana hivyo. "Basi unangojea nini?" Baadaye aliniambia kitu kilichoniuma kuliko biopsi. Kwa mwaka mzima, kwa vile nilikuwa simgusi na simwambii kitu, alikuwa ameshaamini kwamba niko na mwanamke mwingine kule Cimpunda. Alikuwa anahesabu saa zangu za kurudi.

Nilipasuliwa. Jioni nilikuwa nakunywa uji. Juma la tatu nililala usiku mzima kwa upande wa kushoto, kitu ambacho nilikuwa nimesahau. Miezi sita baadaye PSA ilikuwa 1.4.

Moto ulipoanza kunipanda nilimwamsha bibi yangu, naogopa. Akacheka mpaka akakaa. "Karibu," akasema. "Miye nilipitia ile moto miaka tano, na hakuna mutu alinipepea." Tangu hapo anajua kuniwekea kitambaa cha maji. Kwa mifupa natembea kila asubuhi mpaka karibu na Kasali na kurudi, na nakula sambaza nzima-nzima na mifupa yake. Juu ya tendo la ndoa sitasema mengi, ila tumejifunza kwamba kulala pamoja kuna maana zaidi ya moja, na kwamba kicheko hakikutolewa pale hospitali.

Kuna jambo moja nililoambiwa nilishike, nami nawapa: mwenye kansere hii akisikia miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu ghafula, pamoja na mgongo kuuma, asingojee kesho. Kansere inaweza kubana uti wa mgongo, na masaa yana thamani. Mtu anaweza kubaki hatembei.

Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tunakutana kwa daktari alichagua sindano, hakutaka kukatwa. Namwelewa, na sindano inafanya kazi sawasawa. Lakini Februari 2025 ilipofika, mnajua hali ilivyokuwa hapa mjini: benki zimefungwa, ndege haziji Kavumu, dawa hazipatikani. Sindano yake ilipita miezi minne. Hapo ndipo nilielewa kwa nini daktari aliniuliza, pamoja na maswali ya mwili, nani analipa na barabara gani dawa itapita. Nasi tukichagua matibabu, tunachagua pamoja na nchi tunayoishi.

Linalobaki ni la familia. Baba yangu alikufa mwaka 1994. Alianza na mkojo, akamaliza na mgongo na miguu iliyokufa. Walisema ni karuho, kwamba alipewa sumu, na wakamtaja jirani mmoja, mama mjane aliyekuwa anauza kasiksi. Alihama mtaa na watoto wake usiku. Sisi watoto tulikuwa wakubwa, tumesoma, mimi tayari nilikuwa nafundisha biolojia, na hatukusema kitu. Leo nikisoma karatasi yangu ya hospitali naona ugonjwa wa baba mstari kwa mstari. Yule mama simjui aliko.

Mwenye baba au ndugu aliyepatwa, hatari yake ni kama mara mbili ya wengine, na sisi watu weusi tayari tuko juu. Daktari aliniambia watoto wangu waanze kupima wakiwa na miaka 40, wengine 45. Kwa hiyo niliwaita wadogo zangu wawili na watoto wangu wa kiume, Jumapili moja baada ya misa, nikawaambia yote niliyoandika hapa. Mdogo wangu wa 58 alikaa kimya, kisha akauliza: "Yaya, ile kidole, hakuna njia ingine?" Nikamwambia PSA kwanza, kidole baadaye, na kwamba daktari ana mikono midogo. Alikwenda Jumatano. Ilitoka 2.1. Yule mwingine bado anasema ana kazi nyingi.