Kubandua Bila Kubomoa: Utangulizi wa Ufundi wa Kung'oa Vipuri Kwenye Bodi

Vitabu vya ufundi wa elektroniki hutumia kurasa nyingi kufundisha kulehemu, kisha suala la kutoa kilicholehemiwa hupewa aya moja au mbili, tena mwishoni. Sioni sababu. Mtu anayetengeneza redio au televisheni nyumbani kwake huanza na kutoa: kipuri kipya hakiingii mpaka kile kibovu kiondoke, na ni wakati wa kuondoa, kuliko wakati wa kuweka, ndipo bodi huharibika. Kitabu hiki kinashughulikia nusu hiyo ya kazi iliyosahaulika. Hakidai cheti chochote. Kinataka meza imara, dirisha linalofunguka, na bodi kuukuu mbili tatu ambazo hata zikiungua hutazililia.

Lipo swali ambalo wanaojifunza huliruka: unataka kuokoa nini, kipuri au bodi? Jibu lake ndilo litakaloamua ushike kifaa gani. Kama aisii yenye miguu 16 imekufa, usiihurumie. Chukua koleo dogo la kukatia, kata miguu yote karibu na mwili wake, tupa mwili, kisha toa mguu mmoja mmoja kwa kibano huku ukiupasha joto. Kila mguu unadai sekunde mbili tatu tu. Anayehangaika kuitoa nzima, na huku anajua inakwenda jalalani, anaihatarisha bodi bure. Lakini kama aisii ni nzima na unaihamisha kutoka kwenye bodi iliyokufa, basi bodi ndiyo ya kutolewa kafara, na unaweza hata kuikata vipande ili ufanye kazi kwa nafasi. Inashangaza ni mafundi wangapi hutumia mbinu moja kwa hali zote mbili.

Tujue pia tunabandua nini. Lehemu ya kizamani, ambayo bado inauzwa madukani, ni mchanganyiko wa bati na risasi. Ule wenye asilimia 63 ya bati na 37 ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, tena ghafla, bila kupitia hali ya ujiuji. Inapoyeyuka juu ya shaba haikai juu yake kama gundi: bati huungana na shaba, na katikati yao hujitengeneza tabaka jembamba sana lenye metali zote mbili. Ndiyo maana hata ukifyonza lehemu yote, pedi hairudii wekundu wake wa shaba. Na ndiyo maana mguu unaoonekana uko huru unaweza kuwa bado umeshikwa ubavuni, ndani ya tundu, na utando mwembamba usiouona. Ukiuvuta, unatoka na pedi yake.

Pedi nayo imeshikwa kwenye bodi kwa nguvu ya resini, na resini hulegea ikipashwa muda mrefu. Bodi za kahawia za karatasi, zile za redio za bei nafuu, husalimu amri mapema kuliko bodi za kijani za nyuzi za kioo. Maadui basi ni wawili: joto linalokaa sana mahali pamoja, na mkono unaovuta kabla ya wakati. Wanaoanza huogopa joto lenyewe. Hupunguza chuma cha kulehemu hadi nyuzi 250, halafu hukigandamiza juu ya pedi nusu dakika nzima wakisubiri lehemu ilainike. Hao huharibu zaidi kuliko anayekuja na nyuzi 350, akagusa kwa sekunde tatu, akaondoka.

Kutokana na hayo ipo kanuni moja ambayo mgeni wa fani hii haiamini mpaka ajaribu: ukitaka kutoa lehemu, kwanza ongeza lehemu. Kiungo cha zamani kimefunikwa na oksidi, na ncha ya chuma hukigusa kwenye doa dogo tu, kwa hiyo joto halipiti. Tone jipya hutandaza daraja la majimaji kati ya ncha na kiungo, na flaksi iliyomo katika kiini cha waya wa lehemu hula ile oksidi. Kwa vifaa vya siku hizi faida ni kubwa zaidi. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umezuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na kwa kuwa viwanda vinatengeneza kwa ajili ya soko la dunia nzima, televisheni iliyo sebuleni kwako huenda imelehemiwa kwa bati lenye fedha na shaba kidogo, ambalo haliyeyuki mpaka lifike karibu nyuzi 217. Ukilichanganya na lehemu ya risasi, kiwango hicho kinashuka, na kiungo kilichokuwa kikaidi kinalegea.

Flaksi yenyewe, ambayo asili yake ni utomvu wa misonobari, ndiyo ningeiweka ya kwanza katika orodha ya manunuzi baada ya chuma chenye kidhibiti joto. Watu hukimbilia bloa, ile ya kupuliza hewa ya moto. Ni mashine nzuri, na sura mbili za kitabu hiki ni zake, lakini nimeona kazi safi sana ikifanywa kwa chuma cha kawaida na flaksi nzuri, na kazi chafu sana ikifanywa kwa bloa ya bei mbaya bila flaksi.

Kuna njia mbili kuu za kuiondoa lehemu ikishayeyuka. Ya kwanza ni pampu ya kufyonzea: unabana springi yake, unayeyusha kiungo, unaleta mdomo wa pampu karibu kabisa, unabonyeza kitufe. Ni ya haraka, nayo inafaa kwa viungo vikubwa, ila teke lake linaweza kung'oa pedi iliyokwisha kulegea. Ya pili ni utambi wa shaba, mkanda wa nyuzi nyembamba zilizosukwa, na lehemu huupanda kama mafuta ya taa yanavyoupanda utambi wa kandili. Uweke juu ya kiungo, weka ncha ya chuma juu yake, subiri uone rangi ya fedha ikitambaa, kisha nyanyua chuma na utambi kwa pamoja. Usiusugue. Na kipande kilichokwisha kunywa kikate, kwa sababu hakinywi tena, kinakuibia joto tu.

Sasa mfano mmoja kwa ukaribu. Televisheni bapa inawasha taa yake nyekundu lakini picha haiji. Kwenye bodi ya pawa unakuta kapasita mbili zimevimba vichwani. Chomoa waya ukutani, lakini usishike chochote bado: kapasita kubwa ya upande wa umeme mkuu inaweza kuwa na zaidi ya volti 300, na huzitunza hata baada ya kuzimwa. Pima kwa mita. Kama bado ina chaji, ipunguze kwa rezista yenye omu elfu kadhaa na wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpira, kisha pima tena. Kuigusisha kwa bisibisi kama wanavyofanya baadhi ya mafundi hurusha cheche na huweza kuua vipuri jirani. Piga picha ya kila kapasita kabla ya kuitoa, uone mstari wa hasi umeelekea wapi. Geuza bodi. Ongeza tone la lehemu kwenye miguu yote miwili. Pasha mguu wa kwanza na uinamishe kapasita kidogo kwa kidole, pasha wa pili na uinamishe upande wa pili, zamu kwa zamu, mpaka itoke yenyewe.

Mguu wa hasi utakusumbua zaidi. Umeunganishwa na uwanja mpana wa shaba, na shaba hiyo husambaza joto bodi nzima kabla lehemu haijayeyuka. Tumia ncha pana, siyo ile ya sindano, na upashe bodi yote kidogo kwa bloa kwanza kama unayo. Matundu yakibaki yameziba, yeyusha lehemu kwa chuma na upitishe kijiti cha kuchokolea meno. Lehemu haishiki mti, kwa hiyo kijiti kitatoka na kuacha tundu wazi. Ni chombo bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo.

Kwa aisii ya juu ya bodi yenye miguu mingi ambayo lazima itoke salama, na huna bloa, ipo lehemu ya bismathi inayoyeyuka kwenye nyuzi zisizofika 100. Ukiichanganya na ile iliyopo, miguu yote hubaki kwenye majimaji kwa muda wa kutosha kuinyanyua aisii kwa kibano. Ni ghali, na mabaki yake lazima yafutwe yote kwa utambi, maana yakiachwa kiungo kipya huwa dhaifu. Chipu zenye vijipira vya lehemu tumboni hatutazigusa katika kitabu hiki. Zinadai vifaa vya karakana.

Kuhusu afya, hofu ya wengi imeelekezwa mahali pasipo sahihi. Moshi unaouona ni wa flaksi, nao hukera mapafu na unaweza kuleta pumu, kwa hiyo fungua dirisha na uweke feni ivute moshi mbali na uso. Risasi yenyewe haigeuki mvuke kwa joto la chuma chako. Huingia mwilini kwa mkono uliokwenda mdomoni. Nawa kwa sabuni, usile mezani hapo, na mabaki ya lehemu yasifikiwe na watoto. Vaa miwani unapotumia pampu, kwani hutema.

Kabla ya sura ya kwanza, tafuta bodi ya redio iliyokufa, ikiwezekana ile ya kahawia, na utoe rezista zake zote moja baada ya nyingine. Zihesabu pedi zilizonyanyuka.