Jinsi ya Kuijaribu Kurunzi Ndogo

Mtu akinunua kurunzi mchana huridhika upesi: huiwasha, huiona inang'aa, hulipa. Lakini kazi yake ni usiku, ng'ombe anapozaa zizini au nyoka anapolala njiani.

Basi, msomaji, yafaa uyaelewe maandishi ya kwenye kasha. Kwa kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 2009, umbali wa mwanga hupimwa mpaka pale ambapo nuru imepungua ikawa kama ya mwezi mpevu tu. Saa za betri nazo huhesabiwa mpaka mwanga umebaki sehemu moja katika kumi ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo kurunzi ya mita 100 haitakuonyesha nyoka aliye mita 100.

Ijaribu mwenyewe. Tia betri mpya, umulike ukuta gizani. Doa dogo kali la katikati hufika mbali. Mwanga uliotawanyika hukuonyesha mahali pa kukanyaga. Kisha iache iwake, ukiitazama kila nusu saa mpaka ishindwe kukuonyesha njia. Hizo ndizo saa zake za kweli.

Usipoitumia kwa muda mrefu, toa betri, kwani zikivuja huiharibu.