Nyama za Puani Zitokazo Majini

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: ukungu. Upo ule unaolala juu ya ziwa alfajiri, ukakificha kisiwa cha Musira machoni pa watu wa Bukoba, na upo ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa kabatini. Wa kwanza hutoweka jua likipanda. Wa pili ni fangasi. Leo namleta wa tatu: kiumbe cha majini ambacho waganga wa kizungu walikiita fangasi kwa miaka mingi, kumbe hakikuwa fangasi hata siku moja.

Jina lake ni Rhinosporidium seeberi; usijisumbue kulitamka. Ugonjwa wake, rinosporidiosi, huanza kimyakimya. Kinyama laini chekundu huota ndani ya tundu moja la pua, polepole, bila maumivu, mpaka pua inaziba. Kikiguswa kinatoka damu. Vijijini wataambiana tu kwamba fulani ana nyama za puani, na mara nyingi hawakosei, maana nyama za puani zina sababu nyingi na nyingi kati ya hizo hazina uhusiano wowote na maji. Lakini kinyama hiki kina alama yake. Kitazame kwa mwanga mzuri: juu yake kuna vitone vyeupe vidogo vidogo, mfano wa tunda la forosadi lililonyunyiziwa unga. Kila kitone ni kifuko kilichojaa maelfu ya vijimbegu. Kikikomaa hufikia kama theluthi moja ya milimita, ndiyo maana jicho tupu linakiona, jambo la nadra kwa vijidudu vya maradhi. Kisha hupasuka, vijimbegu vikamwagika na kuanza makazi mapya kwenye nyama ya jirani. Wagonjwa wengine hupatwa machoni badala ya puani, kwenye utando wa ndani wa kope.

Aliyekieleza kwanza ni Guillermo Seeber, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Buenos Aires, mwaka 1900. Yeye alidhani ni kijidudu cha jamii iliyo karibu na vile vya malaria. Mwaka 1923 Ashworth wa Edinburgh akakipa jina kinalolibeba hadi leo na kukihamishia kwa fangasi, na vitabu vya tiba vikamfuata. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1999, vinasaba viliposomwa, ndipo ukoo wake ukajulikana: kimesimama njia panda, kati ya wanyama na fangasi, na ndugu zake wa karibu ni vijidudu vinavyosumbua samaki. Ni jamaa wa vijidudu vya samaki, basi, aliyepotea njia akaishia puani mwa binadamu.

Makao yake makuu ni India na Sri Lanka, kwa watu wanaooga kwenye mabwawa yanayotumiwa pia na ng'ombe, na kwa wachimba mchanga wa mitoni. Ng'ombe, farasi, mbuzi, mbwa, hata ndege wa majini wameonekana na ugonjwa huu. Lakini msomaji wa Kagera asidhani ni habari ya mbali. Mwaka 1978 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha ripoti ya wagonjwa 51 kutoka Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Sasa mtazame kijana wa Muleba anayenywesha ng'ombe kwenye lambo kisha akajitosa humo humo kuoga, au mfyatua matofali anayeshinda bondeni na matope hadi kiunoni. Maji yanayoshukiwa zaidi ni yale yaliyotulia, yanayotumiwa na mifugo na watu kwa pamoja. Wataalamu wengi wanaamini kijidudu hupita penye mchubuko mdogo ndani ya pua, uwe umetokana na mchanga au na kucha. (Naam, ile tabia ya kidole puani nayo imo.) Hakijathibitika kupita kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na hilo nalikazia. Mkoa huu umeumizwa vya kutosha na hofu ya majina mageni: wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na Machi 2023 homa ya Marburg ikatangazwa Bukoba. Mwenye nyama ya puani hana sababu ya kutengewa kikombe.

Kosa la jina lina gharama hospitalini. Dawa za fangasi hazikiondoi. Maabara haiwezi kukiotesha kwenye kisahani. Tangu Seeber hakuna aliyekubalika kuwa amefaulu, kwa hiyo anayesubiri majibu ya kuotesha atasubiri bure. Tiba ni kisu: kinyama hukatwa chote, na shina lake huchomwa kwa umeme. Shina likibaki, kinarudi, pengine baada ya miezi, pengine miaka. Madaktari wengine huongeza dapsoni, dawa ya zamani ya ukoma, kupunguza kurudi huko.

Yuko mwingine mwenye mkasa kama huo wa kuitwa fangasi bila kuwa fangasi, Pythium insidiosum. Mkulima wa nyanya anamjua binamu yake kwa jina la bakajani chelewa. Mbegu za Pythium huyu huogelea kwa mikia kuelekea kwenye jeraha la farasi au mbwa aliyesimama majini. Nchini Thailand zimewaingia watu hadi kwenye mishipa ya damu, na mwaka 2005 iliripotiwa habari ya mbwa kutoka Mali. Dawa nyingi za fangasi hulenga mafuta fulani yaliyo kwenye ngozi ya chembe ya fangasi. Huyu hana mafuta hayo. Anatibiwa kama fangasi, siku zinapita, mwisho mguu wa mgonjwa unakatwa.

Ukiwa na tundu moja la pua lililoziba kwa miezi na linalotoka damu, usivute ugoro wala majani ya kuchoma. Nenda hospitali, umweleze daktari unaoga wapi na unafanya kazi gani. Kinyama kikitolewa, kisitupwe kwenye ndoo: omba kiwekwe kwenye fomalini, kipelekwe kwenye darubini.